Safu ya Historia

Fomu yetu ina mistari miwili tu
kwenye safu ya historia.
Mistari miwili, kwa mbwa wa miaka sita.
Nikabana herufi, nikapanda ukingoni,
nikageuza karatasi:

Alikuwa mlinzi wa hoteli iliyofungwa, Kiwengwa.
Mnyororo wake ulikuwa kwenye tangi la maji.
Amemng'ata mpishi, pajani.
Amemng'ata fundi bomba aliyeinua spana.
Amemng'ata mwandishi wa fomu hii, mkono wa kulia,
ndiyo maana hati imepinda.

Miezi kumi na mmoja hakutakiwa na mtu.
Daktari aliniuliza mara mbili, sauti chini,
macho kwenye kabati la sindano.
Mara mbili nilimjibu, "Ngoja Jumatatu."
Jumatatu ikifika najitia nimesahau.

Ndipo akaja Bi Mize Ussi wa Bwejuu,
pindo la buibui limeganda chumvi.
Hakuuliza rangi, hakuuliza jina.
"Nina magunia ya mwani uani,
na kuna mtu anayachota usiku.
Mnaye mkali?"

Nikamsomea. Mbele na nyuma.
Ningeweza kuruka mstari;
nakiri, ulimi ulisita kwa fundi bomba.
Upo uongo mdogo unaomtoa mbwa kizimbani
ukamlaza mtoto wa mtu hospitali.
Nikasoma.

"Kuna watoto nyumbani?"
"Wangu wote wameshaoa na kuolewa. Wajukuu huja Idi."
"Idi utamfungia."
"Nitamfungia."
"Usimwinulie mkono. Hata ukifukuza nzi."
"Na kuanika nguo?"

Sikuwa na jibu.
Tukakaa, watu wazima wawili,
tukaifikiria kamba ya nguo
mpaka tukaishusha usawa wa kiuno.

Habari ya najisi sikuigusa mimi, aliianza yeye:
ndoo iko mlangoni, udongo uko kwenye kifuu.
"Kuhesabu mpaka saba najua.
Hilo niachie."

Nilimpeleka mwenyewe, nyuma ya pikapu,
kizimba kimefunikwa kanga kuukuu
isiyosomeka jina tena.
Njia nzima hakubweka.
Hilo ndilo lililonitia hofu.

Wiki ya kwanza, nasikia, sheha alikwenda.
Akasimama nje ya ua, akasema alilotumwa kusema,
mbwa akamjibu,
akaondoka.

Juzi nimekwenda tena, miezi minne imepita.
Nilitaka kuona, sijui, labda mkia.
Alikuwa na kamba ndefu, si mnyororo.
Aliponiona nywele za mgongo zikasimama wima
na kovu langu likaanza kuwasha.

"Hajabadilika," alisema Bi Mize,
vidole vikifunga tai-tai, bila kunitazama.
"Mie ndiye niliyejifunza pa kusimama."
"Umempa jina gani?"
"Jirani."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Simpendi sana, hanipendi sana.
Usiku ukiingia kila mmoja anajua mwenziwe yupo."

Akachukua sahani, ubwabwa wa jana na vichwa vya dagaa,
akaiweka chini, akampa mgongo,
akaenda hatua sita, nilizihesabu,
akakaa juu ya mbuzi, akaendelea kukuna nazi.
Jirani akangoja.
Kisha akala,
jicho moja likiwa kwangu.

Mfukoni nilikuwa na fomu nyingine, ya ufuatiliaji.
Safu ya maendeleo: mstari mmoja.
Nikaandika, Magunia yote yapo,
nikainua kalamu nitafute la kuongeza,

nikaishusha polepole,
maana alikuwa ameacha kula,
anautazama mkono.